Je, Kila Ufa ni Wetu Kuuziba?

Wazee wetu walituachia neno: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twalifundisha shuleni, na watoto hulikariri kwa sauti kuu. Neno hili ni kweli tupu, wala hatukusudii kulipinga. Lakini liko swali moja ambalo mithali hii hailijibu, nalo ni hili: ni nani apaswaye kuuziba ufa? Je, mwenye nyumba azibe kila ufa kwa mkono wake mwenyewe, au ziko nyufa ambazo yampasa kuziacha mpaka aje mtu ajuaye?

Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Nyumba ya miti na udongo ilijengwa na mwenyewe pamoja na jirani zake, naye aliijua tangu msingi hata paa. Makuti yakivuja aliona tone, akapanda, akachomeka kuti jipya. Na kama alikosea, mvua ya usiku ule ule ilimwambia. Siku hizi mambo yamegeuka. Serikali ya Tanzania iliunda Wakala wa Nishati Vijijini kwa sheria ya mwaka 2005, na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini kwa sheria ya mwaka 2019, na vijiji vingi vilivyokuwa vikichota maji mtoni na kuwasha vibatari sasa vina mabomba na nyaya. Twashukuru sana kwa neema hiyo. Walakini mabomba na nyaya vimeingia katika kuta zetu, na elimu yake haikuingia pamoja navyo. Kikiharibika kitu, tunasimama mbele yake kama mgeni mbele ya mlango asiojua unafunguka upande gani.

Basi twataka kusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, kisha tulipime pamoja nanyi, ndugu wasomaji.

Katika nyumba ya mwalimu tunamokaa, koki ya jikoni ilianza kudondosha maji. Kwanza hatukujali, tukisema tone ni tone tu. Siku moja tuliwapa wanafunzi wetu hesabu: siku ina sekunde 86,400; koki ikidondosha tone moja kila sekunde, na matone 20 yakifanya mililita moja, ni maji kiasi gani yapoteayo kwa siku? Wakapata lita 4 na zaidi kidogo, maana yake ndoo ya lita 20 hujaa kabla siku tano hazijaisha. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, koki hiyo ni ya nani?" Tukaona haya.

Jumamosi iliyofuata tukaazima spana kwa jirani. Tulifunga valvu iliyo karibu na mita, tukaiacha koki wazi hata maji yaliyobaki katika bomba yakatoka yote, tukaing'oa, tukafungua kichwa chake. Ndani yake tukakuta kiduara cha mpira kilicholika upande mmoja kama soli ya kiatu kikuukuu. Tukanunua kingine kwa bei ndogo, tukakitia, tukairudisha koki mahali pake. Tulipofungua valvu, maji yalichuruzika penye kiungo, kwa kuwa utepe mweupe tulikuwa tumeuzungusha kinyume cha uzi wa koki, ukakunjuka tulipokaza. Tukafunga tena, tukauzungusha kwa kuufuata uzi, tukakaza. Koki ikanyamaza.

Watu wa nyumbani walifurahi, na habari ikaenea. Mwezi haukupita, tukaitwa kwa huyu kuzibua sinki, na kwa yule kukaza kiungo cha bomba la uani. Wakatupa jina la Mwalimu Fundi. Twakiri kwamba jina lile lilikuwa tamu masikioni mwetu, kwa maana tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba mikono ya mwalimu yajua chaki tu.

Jioni moja akatujia jirani yetu, mama mzee, mjane, anayekaa na mjukuu wake. Tulipokwisha kumwamkia, akasema, "Mwalimu, mwanangu, taa ya chumbani imekataa kuwaka, na swichi yanuka moshi. Fundi wa mjini ataka nauli ya kuja na ya kurudi, mbali na ujira wake. Nawe si ndiye unayewatengenezea watu vitu vyao?" Nasi tukajibu, "Usiwe na wasiwasi, mama, kesho nitakuja." Tulijibu upesi, wala hatukujiuliza kama twajua.

Kwa kweli kazi ya umeme hatukuijua. Tulijua kiasi kile kilichomo katika kitabu cha sayansi: kwamba umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na kwamba swichi huikata njia yake. Kesho yake tulizima swichi kuu ya nyumba, maana hilo tulilijua. Tukafungua swichi ya chumbani tukaona imeungua, na nyaya zake zimeungua pia, hata ikatubidi kuvuta mpya. Kule juu ya dari tulikuta nyaya mbili zilizofifia rangi kwa vumbi na moshi. Tukauchagua mmoja, tukaupitisha katika swichi mpya. Tukawasha swichi kuu, tukabonyeza. Taa ikawaka. Tukabonyeza tena, ikazimika. Mama akapiga kigelegele, akatupa mayai sita tuliyojaribu kuyakataa tukashindwa. Tukaenda zetu tukiwa na furaha.

Miezi miwili baadaye, wakati wa masika, balbu ya taa ile iliungua. Mjukuu, kijana wa miaka 14, akazima swichi kama alivyofundishwa, akapanda juu ya meza, akaegemeza mkono mmoja ukutani palipolowa mvua, akautia wa pili penye taa. Umeme ukamshika, ukamtupa chini. Mkono ulivunjika karibu na kifundo. Alihifadhiwa asife, naye amepona. Watu wakasema ni ule ukuta uliolowa. Wengine wakasema umeme siku ile ulikuja kwa nguvu. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina letu.

Lakini sisi hatukupata usingizi. Tukamleta fundi kutoka mjini kwa gharama yetu, tukisema moyoni kwamba twamsaidia mama, ingawa kweli ni kwamba tuliogopa. Fundi alifungua kila kitu, akapima, kisha akatueleza kwa upole. Swichi ilikuwa imewekwa katika waya wa kurudisha, na waya wa moto ulikuwa umekwenda moja kwa moja mpaka penye taa. Akasema, "Taa ilizimika, lakini umeme haukuondoka. Ulikuwa umekaa mlangoni, unamngoja mtu." Kisha akauliza, "Nani aliyefunga hii?"

Mama alikuwapo, amesimama karibu na mlango. Alijua. Alitazama chini, akanyamaza, akitaka kutusitiri. Kulikuwa na kitambo kidogo ambacho hatutakisahau, maana tuliona kwamba tukinyamaza nasi, jambo litaishia pale. Tukasema, "Ni mimi, fundi." Yule mama akasema pole pole, "Mwalimu alitaka kunisaidia."

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: kosa letu lilikuwa nini hasa? Hatukwenda kwa nia mbaya, maana tulikwenda kwa huruma. Fedha hatukuidai. Wala hatuwezi kusema kwamba lilikuwa ujinga peke yake, kwa kuwa hata kazi ya koki tuliianza tukiwa wajinga, na ujinga ule haukumdhuru mtu, bali ulitufundisha. Basi kazi hizi mbili zilitofautiana wapi?

Tumeona kwamba makosa hayafanani katika kujionyesha. Tulipozungusha utepe kinyume, maji yalitoka dakika ile ile, jikoni mwetu, juu ya miguu yetu wenyewe. Maji yalikuwa mwalimu mkweli: yalitukemea papo hapo, yakatupa nafasi ya kutengeneza. Lakini katika chumba cha mama, taa iliwaka. Swichi ilitii. Kila ishara tuliyoweza kuiona ilitupongeza, na mauti ilikuwa imekaa penye taa kwa miezi miwili. Tulikuwa tumeuchukua mwanga kuwa ushahidi wa kazi njema, kumbe ulikuwa ushahidi wa jambo moja tu, kwamba umeme umepata njia. Hausemi kama njia hiyo ni salama.

Tena yafaa tujue nguvu ya kitu hiki tunachokichezea. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230, nao hugeuka mwendo wake kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na mwendo huo waweza kuuvuruga moyo usipige sawasawa. Mafundi hufunga kifaa kikatacho umeme chenyewe pindi unapovuja, na kwa kawaida hukata uvujapo umeme wa miliampia 30. Kipimo hicho ni kidogo mno: balbu ndogo ya wati 10 hutumia miliampia 40 na zaidi. Maana yake ni kwamba umeme usiotosha hata kuwasha taa ndogo ya chooni watosha kumwondoa mtu duniani. Nyumba ya mama haikuwa na kifaa kile, nasi hatukujua hata kwamba kipo.

Wala rangi za nyaya peke yake si shahidi wa kutosha. Zamani, kwa desturi ya Waingereza iliyofuatwa sana katika nchi zetu, waya wa moto ulikuwa mwekundu na wa kurudisha mweusi. Waingereza walianza kuibadili desturi hiyo mwaka 2004: sasa waya wa moto ni wa kahawia, na wa kurudisha ni wa buluu. Na pale panapoletwa umeme wa njia tatu, rangi nyeusi, ambayo zamani ilikuwa ya waya wa kurudisha, sasa ni ya waya wa moto mmojawapo. Basi mtu aliyejifunza rangi katika nyumba ya zamani, akaenda nyumba mpya akajiamini, aweza kuushika moto akidhani ameshika jivu.

Yule fundi tulimtazama akipima. Kwanza alikigusisha kipimo chake mahali alipojua kwamba umeme upo, akaona kinafanya kazi. Kisha akaupima waya alioutaka, kikaonyesha kwamba hauna umeme. Kisha akarudi mahali pale pa kwanza akapima tena, asije akawa ameamini kipimo kilichokufa katikati ya kazi. Tukajifunza kwamba kipimo ni shahidi, na shahidi mwenyewe hupimwa kabla hajasema na baada ya kusema. Sisi tuliamini macho yetu mara moja, tukaondoka.

Hata hivyo, mtu asituelewe vibaya akasema kwamba maji ni ya mwenye nyumba na umeme ni wa fundi. Mpaka haupiti hapo. Maji nayo yana makosa yake ya kimya. Mfano mmoja ni tangi la kuchemshia maji kwa umeme, ambalo wengine wamelifunga bafuni. Tangi hilo lina valvu ndogo ya kutolea maji kani inapozidi ndani. Valvu ile ikidondosha, mwenye nyumba aweza kuudhika akaiziba kwa kifuniko, akaona amezuia uchafu wa sakafu. Sakafu hukauka kweli. Lakini kama kizuizi cha joto nacho kikiharibika, maji huzidi kuchemka bila njia ya kutokea, na maji yageukapo mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya kwanza. Tangi hupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Na mfano wa pili, ulio mkubwa zaidi, ulitokea nchi ya mbali, katika mji wa Chicago huko Marekani, mwaka 1933. Mwaka ule mji ulikuwa na maonyesho makubwa, na wageni wengi walifika, wakalala katika hoteli. Mabomba ya hoteli mbili yalikuwa yameunganishwa vibaya, hata maji machafu yakapata njia ya kuingia katika maji ya kunywa. Koki zilitoa maji kama kawaida, wala hapakuwa na kelele. Watu zaidi ya 1,000 waliugua kuhara kwa amiba, na 98 wakafa. Wengi waliugua wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Hili lilikuwa kosa la bomba, lakini lilinyamaza kama lile la waya wetu.

Vivyo hivyo liko jambo dogo la fyuzi, ambalo tumeliona katika nyumba nyingi. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uyeyuke umeme ukizidi, njia ikatike kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Ni kama mlinzi akubaliye kufa ili nyumba ipone. Sasa mtu akichoka kubadili fyuzi, hutia waya mnene, au msumari, na jirani humsifu kwa kuwa taa zake hazizimiki tena. Hawajui kwamba umeme ukizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne, na kwamba sasa kitu kitakachoyeyuka kwanza ni ule waya uliofichwa darini, karibu na mbao. Mtu huyu hakuuziba ufa, ameuficha. Na ufa uliofichwa ni mbaya kuliko ulio wazi, kwa sababu hakuna atakayeutazama tena.

Basi sisi tumejiwekea maswali mawili, na kabla ya kushika spana au bisibisi twajiuliza. La kwanza: nikikosea hapa, kosa litalia au litanyamaza? La pili: litakapolia, litamlilia nani? Kama kosa litalia mara moja, na kwangu mimi, kazi hiyo ni yangu. Nitajifunza kwa kukosea, na hasara ni ndoo moja ya maji. Kama kosa litanyamaza, na litakuja kumwangukia mwingine ambaye hakuwapo nilipokuwa nikijipa moyo, sina haki ya kujifunzia hapo.

Katika swali la pili ndimo penye uzito wote. Wazee husema, mtoto akililia wembe mpe. Twaielewa hekima yake: jeraha dogo ni mwalimu. Lakini mithali hiyo yamsema mtoto akatwaye na wembe alioulilia mwenyewe. Sisi tuliulilia wembe, na aliyekatwa ni mtoto mwingine. Tena twakumbuka kwamba sheria ya Musa ilimwagiza mtu ajengaye nyumba mpya kuzungushia paa lake ukuta mdogo, kwa kuwa watu wa nchi ile walikaa juu ya mapaa yao. Na mtu akianguka kwa kukosa ukuta huo, lawama ilikuwa juu ya nyumba. Sheria haikuuliza kama mwenye nyumba alikuwa na nia njema. Ilimtaka amfikirie mtu ambaye hajafika bado. Nasi katika chumba cha mama tulimfikiria mama na shida yake, tukafikiria na sifa yetu. Yule atakayebadili balbu hatukumfikiria kabisa.

Twajua watakaotujibu. Mmoja atasema, "Mwalimu, maneno yako ni ya mwenye mshahara. Sisi tusio na nauli ya fundi tukae gizani?" Jibu hili ni zito, wala hatulidharau, kwa maana ndilo lililomleta mama kwetu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Lakini giza la juma moja lina dawa, na mauti haina. Na hapa kijijini tumeanza jambo lililosaidia: nyumba tano au sita zenye shida huungana, zikamwita fundi siku moja, zikagawana nauli yake. Fundi hupata kazi ya siku nzima, na kila nyumba hutoa sehemu ndogo. Ujirani uliojenga nyumba za udongo waweza kutengeneza na nyumba za umeme.

Mwingine atasema, "Mafundi nao hukosea, na wengine ni waongo." Ni kweli, leseni haimfanyi mtu kuwa malaika. Lakini mwenye leseni ana jina la kupoteza, na mahali pa kushtakiwa. Ndiyo sababu Tanzania, kupitia EWURA, na Kenya, kupitia EPRA, huwapa leseni mafundi wa kufunga umeme majumbani. Nasi hatujasikia nchi imdaiyo mtu leseni ya kubadili mpira wa koki yake. Wenye kutunga sheria nao waliona kwamba kazi hizi si za namna moja. Hata fundi akija, mwenye nyumba asiende shambani akamwacha peke yake. Na asimame, aulize, "Umepima wapi? Nionyeshe." Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hakasiriki.

Wa tatu, naye twamwogopa zaidi, atafurahi na kusema, "Basi mimi sitagusa kitu chochote, kila kitu ni cha fundi." Huyo ameyageuza maneno yetu kuwa mto wa kulalia. Twawajua watu waliosoma, na sisi tulikuwa miongoni mwao, wanaoona ni aibu kushika spana, wakaiacha koki idondoshe mwaka mzima huku mama na binti wa kijiji cha pili wakipanda mlima na ndoo kichwani. Kuacha kufanya lililo letu ni kosa vile vile.

Basi lililo letu ni lipi? Yatupasa kujua mahali ilipo valvu ya maji na swichi kuu ya umeme, na kumfundisha kila mtu wa nyumbani, mwanamume na mwanamke, hata mtoto, kuzifunga, maana siku ya hatari haimngoji baba arudi. Yatupasa kubadili mpira wa koki, kukaza kiungo kinachochuruzika, na kusafisha ule mpindo wa bomba chini ya sinki, tukikumbuka kwamba maji yakaayo ndani yake yamewekwa kuzuia harufu ya shimo, wala si kasoro ya fundi. Kwa upande wa umeme, yatupasa kuzima swichi kuu kabla ya kubadili balbu, kwa kuwa hatujui ni nani aliyefunga swichi ya chumbani. Kubonyeza mara kwa mara kile kitufe cha kujaribia katika kifaa kikatacho umeme, kama nyumba inacho, tuone kama mlinzi yu macho. Kunusa, kugusa ukuta karibu na soketi kama una joto, na kutofunga kiungo cha waya kwa karatasi ya plastiki. Na tukiona waya uliochubuka, kazi yetu ni kuzima, kuwaonya watoto, na kuita. Mwenye kuzima na kuita amefanya kazi kubwa, ingawa hakuna atakayempigia kigelegele.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko yote. Kosa likiwa limekwisha kutendeka, na halijulikani, je, mtu aliyetenda alifunue? Wengi walituambia baadaye kwamba tungeweza kunyamaza: kijana amepona, taa imetengenezwa, na jina la mwalimu ni mali ya shule. Twajibu kwamba kunyamaza kungekuwa kufunga waya ule mara ya pili. Kule nje taa ingewaka, watu wangetuamkia kwa heshima, kila swichi ingetii, na ndani moto ungekuwa umekaa mahali pasipostahili ukimngoja mtu mwingine. Maana zilikuwapo nyumba nyingine mbili tulizokuwa tumegusa umeme wake. Bila kukiri, nani angekwenda kuzitazama? Tulikwenda na fundi. Ya kwanza ilikuwa salama. Katika ya pili alikuta kosa lile lile.

Tulilipa gharama za hospitali na za fundi, na mshahara wa mwezi ule uliisha kabla ya mwezi. Jina la Mwalimu Fundi limepungua kidogo, wala hatulitafuti. Mama bado hutuita koki yake ikidondosha, nasi huenda. Mjukuu wake hutushikia spana, na kila tunapokwisha kazi yeye ndiye afunguaye valvu, kisha tunakaa wote watatu kimya tukikitazama kiungo, kama kitalia.

Kama yuko mwenzetu mwenye neno la kuongeza au la kutukosoa, na aandike, maana nasi bado twajifunza.